Matumbo ya Migebuka Gotini

Jumamosi iliyopita nilikwenda Katonga, ufukweni, kununua samaki, upepo ukaniletea harufu ya matumbo ya migebuka yaliyolala juani. Nusura nitapike. Idi, mwanangu wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akichechemea nyuma yangu, akacheka. Wacha acheke. Angepakwa uchafu ule siku tisa, asingecheka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mfungaji wa timu ya mchezo wa pete ya shule yetu pale Ujiji. Mwaka huo nilirefuka mpaka sketi zikanikataa, na chini ya goti la kulia pakaota kinundu kigumu. Nikiruka, panawaka moto. Nikipiga magoti kuswali, machozi yananitoka. Nikaficha, maana wiki iliyofuata walikuwa wanachagua timu ya wilaya, na sikutaka kitu kingine duniani.

Bibi yangu, aliyenilea, akaniona nikishuka ngazi za baraza kwa makalio. "Mguu huo upumzike," akasema. Nikaitika, na jioni nikaenda kuruka. Alinikamata mara tatu.

Basi akaleta bakuli. Yarabi! Matumbo ya migebuka ya siku mbili, yamevunda, yamechanganywa na mawese yaliyochacha. Akanipaka gotini, akafunika kwa jani la mgomba, akakaza kwa kipande cha khanga.

"Dawa hiyo. Ukiifungua, tunaanza upya."

Kila asubuhi alinipaka mengine. Uteute ukachuruzika mpaka kwenye soksi. Nzi wakanisindikiza shuleni, paka wa mtaa mzima wakanipenda ghafla. Dawati likawa langu peke yangu. Mwalimu wa michezo, leso puani, akaniambia nikisogelea uwanja wake na uvundo ule atanichapa. Timu ikachaguliwa bila mimi. Nililia mpaka kwikwi, na ingawa baadaye goti lilipoa, kwa muda mrefu nilimchukia Bibi waziwazi.

Sasa Idi naye ana kinundu kilekile. Daktari alishatueleza: mfupa unarefuka upesi, msuli wa paja unauvuta pale chini ya goti, apumzishe mguu, utapoa. Lakini Idi na mpira! Hasikii.

Tulipotoka Katonga nikapitia kwa Bibi, ambaye siku hizi haoni vizuri, lakini ulimi wake mzima. Nikamwuliza ile dawa alikuwa akiichanganyaje.

"Dawa ipi?" akanikunjia uso. "Yale yalikuwa matumbo ya samaki tu. Nilikukataza hukusikia, nikaona bora wakufukuze wenyewe uwanjani."

Miaka yote hiyo!

"Na usidhani nilikuwa nafurahi," akaongeza. "Kila nikimaliza kukufunga, nilikuwa nakwenda kutapika nyuma ya choo."

Leo asubuhi nimerudi Katonga na bakuli. Pua nimeifunga kwa mtandio.