Kibuyu cha Ndugu Yangu

Admin, nifiche vizuri. Nimebadilisha mambo kadhaa kwa sababu ndugu yangu huisoma page hii. Mimi nina miaka 38, mama wa watoto wawili, fundi wa nguo hapa Eldoret. Mama yetu alipofariki aliniachia ndugu yangu mdogo, nitamwita Kibet, na ni mimi nimemlea.

Kibet alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, huko Chepkoilel, alipoanza kusikia watu wakimsema ndani ya ukuta. Tukamrudisha nyumbani. Baada ya wiki chache sauti zikamwambia kwamba mimi namtilia kitu kwenye maziwa nimharibu akili. Mimi, niliyembeba mgongoni! Nikimpa kikombe ananikazia macho: "Kunywa wewe kwanza, sister." Nilikuwa nalia jikoni, kwa sababu naapa wakati huo sikuwa nimeweka chochote.

Kliniki walimpa vidonge. Alikuwa anavificha shavuni, kisha navipata chini ya godoro. Maombi tulienda, msinitume huko tena. Siku moja alipatikana katikati ya barabara kuu bila viatu, malori yakimkwepa. Hapo niliamua. Nilisaga kidonge nikakikoroga kwenye mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Mkaa tunaopaka ndani ya kibuyu unayafanya yawe ya kijivu, unga hauonekani. Akasema nianze mimi. Nikanywa. Mchana huo nilisinzia juu ya cherehani, wateja wakanicheka.

Baada ya miezi miwili ndugu yangu alirudi kuwa ndugu yangu. Akamaliza masomo akilala hapa kwangu, sasa anafundisha. Huu ni mwaka wa tatu namwekea dawa. Ana kibuyu chake kidogo ambacho watoto wangu hawaruhusiwi kugusa. Dawa naenda kuchukua mimi, na daktari akiuliza nasema yuko kazini, anameza vizuri. Yeye anaamini aliacha dawa kitambo na kwamba alipona kwa maombi.

Jumapili iliyopita alisimama kanisani na mchumba wake, akaniita mbele. "Huyu sister yangu nilimshuku vibaya. Nilikuwa nasema ananiwekea kitu kwa maziwa. Mbele yenu wote, sister, nisamehe." Akapiga magoti. Watu wakapiga makofi, akina mama wakalia. Mimi nikamshika mkono nikamwinua. Tulipofika nyumbani akajimiminia mursik, akanywa yote, akapangusa mdomo. "Unaona? Siogopi tena." Nilikuwa nimeshaweka asubuhi.

Nimekuwa yule mtu ambaye sauti zilimwonya Kibet juu yake. Mwezi ujao anaoa na kuhamia Nakuru. Nikinyamaza, ugonjwa utamrudisha kwenye ile barabara. Nikimwambia ukweli, ataona kwamba sauti hazikumdanganya, na sijui kama atawahi kupokea kikombe kutoka kwa mtu yeyote tena.

Nitasoma comment zenu zote, hata za matusi. Lakini fanyeni haraka. Jana mchumba wake alinipigia simu. Anataka nimfunze kutengeneza mursik, kwa sababu Kibet amemwambia ya kwangu ina ladha ambayo hajaipata kwingine. Anakuja Jumamosi na kibuyu kipya. Nimwambie nini?