Kocha Aliyekusudia Kuwepo

Jirani yangu wa Okolona, mtaa wa jiji la Louisville hapa Marekani, mjane kutoka Kivu, aliniomba jambo moja tu siku kocha alipokuja kumtaka mwanawe: nimtafsirie. Kijana alikuwa mkubwa wa mwili na mpole wa tabia, na chuo kimoja cha jiji hilo kilimhitaji katika timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa kwapani. Angesomeshwa miaka minne. Mimi niliwahi kufundisha Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Tanzania nilimokulia. Kwa sababu hiyo mama yule aliniita Mwalimu na kuamini kwamba neno likipita kinywani mwangu halipungui.

Kocha alikuwa mzee mwembamba. Mama alimtazama akimega ugali, akaniambia kwa utulivu, "Mwalimu, huyu ndiye anafundishaka kuangusha watu? Na mwili ya seminariste?" Hayo, ya kumfananisha mgeni na mwanafunzi wa upadri, sikuyatafsiri.

Mgeni alitueleza kazi yake ya zaidi ya miaka thelathini, siku zote akiwa msaidizi wa kocha mkuu, siku zote pamoja na vijana wazito wa mstari wa mbele. Alianzia Columbus, akapitia miji midogo ambayo sikuweza kuikariri, akarudi Columbus, akaja Louisville. Niliitafsiri historia hiyo kwa heshima, kama asomaye wasifu wa mtumishi mwaminifu. Haikunijia akilini kwamba kila mji aliotaja ni mji aliokwisha kuuacha.

Ndipo mama akauliza kama yeye mwenyewe atakuwepo miaka yote minne, kwani hakuwa akimkabidhi mwanawe kwa chuo. Alimkabidhi kwa mtu. Kocha alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiingereza kwamba anakusudia kuwepo.

Nikasema, "Atakuwepo."

Najua tofauti ya kauli hizo mbili. Nimesahihisha madaftari mengi kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini mama alikuwa ameinama kusikiliza, na kauli fupi ilitangulia kutoka.

Kabla msimu wa pili wa kijana katika timu haujaisha, kocha mkuu aliachishwa kazi, na wasaidizi wake wote pamoja naye, kama ilivyo desturi ya kazi ile. Kocha wetu alipata nafasi Columbus. Mwaka uliofuata alikuwa Buffalo. Kocha mkuu mpya alikuja Louisville na vijana wake, na mwaka huohuo wa Buffalo mtoto wa jirani akaarifiwa kwamba muhula ujao hatakuwa na nafasi katika timu wala chuoni.

Mama hakunilaumu. Alisema, "Alisema atakuwa. Donc kuna kitu kilimupata. Twende tumuulize."

Dada yake anaishi Black Rock, huko Buffalo, kwa hiyo tulikuwa na pa kufikia. Tulipokuwa tukipita Columbus nilikiri kosa langu kwake: kocha hakusema atakuwepo, alisema anakusudia.

"Kwa mutu muzima," alijibu, "kukusudia si ni kufanya?"

Kocha alitupokea katika mkahawa wa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda kumwona kijana mwingine nyumbani kwao. Alimkumbuka mtoto wetu barabara, hata mguu aliozoea kuutanguliza. Alisema wanawe mwenyewe walihamishwa shule kila alipohamishwa yeye, na kwamba hakuna mahali alipoondoka akiwa ameulizwa kama anataka. Nilitafsiri bila kuongeza wala kupunguza, na usahihi huo haukumfaa mtu yeyote.

"Muambie apigie ule kocha mupya simu," mama aliniambia.

Kocha alisema alikwisha kumpigia. Hata hivyo alipiga tena, akaiweka simu mezani katikati ya vikombe. Iliita muda mrefu, kisha sauti ya mashine ikatutaka tuache ujumbe. Kocha alilitaja jina la kijana, akalirudia polepole, akasema ni wa kutegemewa, akaomba apewe walau muhula mmoja. Akakata.

"Amejibu nini?" mama aliniuliza.

Nilimweleza kwamba hakuna mtu aliyejibu.

"Bon. Tungoje apige."

Kocha alisimama, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akaenda kuwahi ndege. Mama hakuinuka. Aliagiza chai nyingine. Nilimkumbusha kwamba simu imeondoka na mwenyewe.

Alisema anajua. Tukaendelea kukaa.