Nilitaka Kusukuma Mwenyewe

Mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi sita, nesi wa kliniki alinifunga mkono kwa ule mkanda wa kupimia presha, akasoma, akanifunga tena. Mtu wa kliniki akikupima mara mbili bila kusema neno, ujue hajapenda alichokiona. Mia moja na hamsini juu ya mia moja. Akanipa vidonge, akaniambia nipumzike, niache chumvi, nirudi kila wiki. Mimi nilikuwa na swali moja tu: nitazaa kawaida?

"Tutajaribu," akasema.

Neno hilo nililibeba hadi nyumbani kana kwamba nimeahidiwa shamba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Masimba. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na kwetu huo ni umri ambao watu huacha kukutania kuhusu watoto na kuanza kukuombea. Mume wangu ni fundi wa kujenga, kazi zake ziko Narok, na nyumbani huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo boma lilikuwa letu wawili, mimi na mama mkwe, pamoja na majani chai yake upande wa Nyamira. Yeye alizaa wanane. Wa mwisho, kwa maneno yake, alimzalia kati ya mistari ya chai, kisha akamaliza kuchuma mstari wake. Hiyo ya kumaliza mstari sijawahi kuiamini, lakini pia sijawahi kuthubutu kusema.

Katika boma hilo mwanamke aliyepasuliwa hakusemwa amezaa. Walisema ametolewa mtoto. Na mimi na digrii yangu niliamini vivyo hivyo, sitaki kujisafisha. Nilikuwa nimechelewa kuolewa, nimechelewa kushika mimba, na kwenye chai vidole vyangu vilikuwa vizito hata watoto wa jirani walinicheka. Nilitaka jambo moja nilifanye kama wanawake wengine. Nilitaka kusukuma mwenyewe.

Basi nikashika masharti. Vidonge sikuruka hata kimoja. Mama mkwe naye alichukua kile kikopo cha chumvi akakipeleka nyumba ya kuku, akaapa hakitarudi jikoni mpaka mjukuu wake azaliwe. Alinipikia chinsaga karibu kila siku, ile mboga yetu chungu, kwa sababu inaongeza damu. Aliichemsha mpaka ikalainika, akamwagia maziwa, akakaa mbele yangu mpaka nimalize.

Presha ikazidi kupanda.

Wiki ya nne nesi alichoka kunibembeleza. Akavuta kiti, akasema nimtajie kila kitu ninachokula, kimoja baada ya kingine. Nikataja. Ugali wa wimbi, ndizi, maharagwe, chinsaga.

"Hiyo chinsaga inapikwa na nini?"

"Maziwa tu. Na magadi kidogo ya kulainisha."

"Na maharagwe?"

"Pia magadi."

Akaweka kalamu chini. "Mwalimu, magadi ni nini?"

 Magadi ni magadi, yale mawe meupe wanayouza sokoni. Maisha yangu yote nimeyala na sijawahi kuyahesabu kuwa chumvi.

"Umefunga mlango wa mbele," nesi akasema, "mwizi anaingia na wa nyuma kila siku, tena unamkaribisha mezani." Halafu akacheka kwa huruma. "Usijali. Hata mama yangu angefanya hivyo hivyo."

Sikucheka. Nilifika nyumbani nimefura, na la kusikitisha ni kwamba nilimfokea mama mkwe. Nilimwambia ananiua. Nilimwambia mbele ya jirani aliyekuja kuazima jembe. Yule mama alikwenda jikoni, akarudi na mfuko wa magadi, akaumwaga wote shimoni, kisha akakaa nyuma ya nyumba peke yake akilia kimya. Baadaye daktari aliniambia presha ya mimba ina njia zake nyingi, na kwamba hata bila magadi huenda ingepanda tu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba msamaha, akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tangu siku hiyo alinipikia vitu vilivyochemshwa kwa maji matupu, na kila sahani aliiweka mezani kwa woga.

Mwezi wa nane wa mimba nikaanza kuumwa kichwa. Si kile cha uchovu wa kusahihisha insha. Kilikuwa nyuma ya macho, na nikiinama niliona vimulimuli. Sikumwambia mtu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikisema, watanilaza, wakinilaza, watanipasua. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa mojawapo. Nesi alipouliza kama kichwa kinauma, nikasema, "Si sana."

Akaniangalia uso uliovimba. "Mficha uchi hazai, mwalimu," akasema, na papo hapo akaniandikia barua ya kwenda hospitali mjini Kisii.

Huko daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mpole, asiyepoteza maneno. Mkojo ulipopimwa akasema mtoto lazima atoke wiki hiyo, na kwamba kwa kuwa amekaa vizuri, watanianzishia uchungu nijaribu kuzaa kawaida. Nilitaka kumbusu mikono. Asubuhi wakaniwekea dawa. Wakanidunga sindano ya kuzuia degedege, ambayo iliwaka mwilini kama pilipili. Uchungu ulipoanza nilifurahi, kweli nilifurahi. Mama mkwe alikuwa kando ya kitanda akinisugua mgongo na kuimba nyimbo za Sabato kwa sauti ya chini.

Saa sita mchana njia ilikuwa imefunguka sentimita nne. Saa tisa, nne vilevile. Presha ilikuwa mia moja na themanini juu ya mia moja na kumi na tano, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakipungua kila uchungu ulipobana.

"Nilikuahidi tutajaribu," daktari akasema. "Tumejaribu. Sasa twende tiata tukupasue."

"Nipe saa moja."

"Sina saa moja ya kukupa."

Nikamgeukia mama mkwe, nikitegemea anitetee. Alikuwa ameshika reli ya kitanda kwa mikono miwili. Hakusema lolote, wala la kukubali wala la kukataa. Alikuwa anaogopa kuwa na makosa mara ya pili. Nikaweka sahihi mwenyewe, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea. Muda si mrefu, nimelazwa tiata na kuchomwa ganzi ya mgongo, nilisikia binti yangu akilia upande wa pili wa pazia la kijani. Nilishukuru Mungu, na pia niliona aibu. Viliingia pamoja, wala hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Tulirudi nyumbani siku ya tano. Jumapili wanawake wa kanisa wakaja na unga wa wimbi, mkungu wa ndizi na maziwa kwenye vibuyu. Mimi nilikaa wima kitini, nimejifunga leso mbili, nimekaza meno. Kabla hata mtu hajauliza, mama mkwe akawaambia, "Mokamwana wangu, mke wa mwanangu, amesukuma mwenyewe. Na presha yake yote!"

Wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika mkono akasema mimi ni mwanamke hasa. Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilisema, "Amina." Uongo ule ulikuwa mtamu, na nilijua alinipa kama fidia, kitu pekee alichoona anaweza kunirudishia. Baada ya hapo ulitembea wenyewe. Ulifika sokoni, ulifika shuleni, na Sabato moja ulitolewa kama ushuhuda kanisani, mimi nikiwa nimekaa benchi la tatu nikinyonyesha.

Mtoto alipokuwa na wiki saba, kiasi cha saa nne asubuhi, akaja mke wa jirani yetu, msichana wa miaka ishirini hivi. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa amevaa kandambili za mumewe kwa sababu miguu yake haikuingia tena kwenye viatu vyake.

"Mwalimu, kliniki wamesema presha imepanda, niende Kisii nilazwe. Mimi najua wataenda kunipasua tu. Lakini wewe ulikuwa na presha na ulizaa kawaida. Ulifanya aje?"

"Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Lakini si sana."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akipepeta wimbi. Ungo ukasimama mikononi mwake. Aliniangalia, na macho yake yaliniomba waziwazi nisimwaibishe tena, kama nilivyomwaibisha siku ile ya jirani na jembe. Nilitafuta jibu la kutuokoa sote watatu. Nilitafuta kweli. Halikuwapo.

Nikampa mama mkwe mtoto. Nikafungua leso, nikashusha sketi, nikachukua vidole vya yule msichana nikaviweka kwenye kovu.

"Nilipasuliwa," nikasema. "Sikusukuma hata mara moja."

Hakuniamini. Alimtazama mama mkwe, ambaye amemjua tangu aolewe. "Mama, ni ukweli?"

Mama mkwe alimpangusa mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu.

"Ni mimi nilidanganya watu," akasema. "Hiyo aibu ilikuwa yangu, si yake. Enda, mtoto wangu. Enda saa hii."

Tukamfunga leso yangu mabegani, nikamsindikiza barabarani polepole, kila hatua kumi akipumzika. Gari la kwenda Kisii liliposimama, alishika mlango lakini hakuinua mguu. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mwalimu, na watu watasema nini?"

Nilitamani kumwambia kwamba hawatasema kitu.

"Watasema," nikamwambia. "Ingia."