Baina ya Tijara na Soko

Khabari ilinifikia nikiwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili bado. Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Wete, akaanza na salamu ndefu kama ilivyo ada ya watu wa kwetu: uzima wa watoto, mvua, hali ya mihogo, mpaka nikamkata kauli, "Mwanangu, sema, hizi salamu zako za leo zina jambo." Akasema, "Mjomba, yule rafiki yako katangulia mbele ya haki. Tunamzika alasiri." Nikasema innalillahi, na kinyozi akazima mashine bila ya kuambiwa. Boti ya Pemba ilikuwa imeshaondoka, na maiti hangojeshwi, kwa hiyo maziko yalinipita. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mie si mwepesi wa kuwalilia watu katika safu hii. Wakubwa wakifa huwa na watu wao wa kuwaandika, wanaandikwa mpaka wanakuwa malaika. Huyu hakuwa mkubwa, hakuna atakayemwandika. Lakini angeweza kuwa mkubwa, wallahi angeweza, na hilo ndilo linaloniuma tangu juzi.

Tulisoma skuli moja Pemba katika miaka ya mwisho ya hamsini. Baba yake alikuwa wa ukoo wenye asili ya Omani, wenye mashamba ya mikarafuu upande wa Wete. Mama yake alikuwa mtu wa Kojani, binti wa wavuvi. Ndoa kama hizo zilikuwa nyingi na hakuna aliyezishangaa. Marehemu alikuwa na maradhi ya kuuliza. Msimu mmoja wa karafuu tulifuatana na baba yake kupeleka magunia kituoni. Watu wamepanga foleni, kila mmoja na gunia lake, karani anapima na kutaja bei, na mwenye gunia anaitikia "haya" na kuondoka. Yeye akamsogelea karani akamwuliza, "Bwana, hizi zikitoka hapa, anazila nani?" Watu wakacheka. Bibi mmoja akasema zinakwenda Ulaya kufanywa baruti, mwengine akasema dawa ya meno, na mwengine akaapa kwamba kuna nchi wanazivuta kama sigara, tukamwona mwehu, kumbe huyo ndiye aliyepatia. Karani akamwambia, "Kwani unataka kuzifuata?" Akajibu bila ya kucheka, "Ndiyo, nnataka kuzifuata." Njia nzima ya kurudi alikuwa akiniambia kwamba sisi tunaijua karafuu tangu ua mpaka jamvi, tunajua kuipanda, kuichuma na kuianika, lakini anayeila hatumjui, na usipomjua anayekula mali yako utaambiwa bei yoyote na utasema haya. Siku hizi elimu hiyo inaitwa usimamizi wa masoko na vijana wanaifungia tai. Yeye aliitaka kabla haijapata jina la Kiswahili.

Kutokuwa na jina ndiko kulikomponza. Alipomwambia bibi yake kwamba anataka kwenda chuo, bibi aliacha kupepeta mchele. Kwetu wakati ule chuo kilikuwa kimoja tu, cha Kurani. "Chuo gani tena? Si ulishahitimu weye? Sinia la khitma nililibeba mie kwa kichwa changu mpaka kwa maalim! Au ulimdanganya maalim wa watu?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka pamoja katika mambo haya ya chuo chake.

Maana wakati ule ndio wakati wa vyama vya siasa. Vijana wanaousoma leo katika vitabu hawawezi kujua ulivyokuwa ndani ya majumba. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, wakasusiana hata khitma za maiti, mtu anakataa kula chakula cha matanga ya jirani yake kwa ajili ya kura. Na nafasi za masomo nazo zikawa na vyama. Kwenda Misri kulikuwa na maana yake, wewe wa chama hiki, kwenda bara kulikuwa na maana yake, wewe wa chama kile, hata ukienda kusomea ushoni. Marehemu alifunguliwa milango yote miwili: watu wa chama cha baba yake walimpatia nafasi Misri, na watu wa chama cha wajomba zake walimpatia nafasi bara. Mwenyewe alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Alikaa akauliza maswali ambayo hata leo ningependa kila mzazi ayaulize. Wanafundisha nini hasa? Nani anafundisha, mtu aliyewahi kuuza kitu au mtu aliyesoma tu? Waliohitimu wako wapi? Misri kulikuwa na miaka mingi na kuanza upya na Kiarabu, lakini elimu pana. Bara kulikuwa karibu, masomo mafupi, na wanafunzi wakipelekwa bandarini na minadani kuona kwa macho. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiuliza juu ya masomo.

Ijumaa moja nilialikwa kula kwao. Mjomba wake akaja kutoka Kojani na samaki wake, kama alivyozoea. Tulipomaliza kula, baba akasema kwa utulivu, kama jambo lililokwisha, "Kijana atakwenda Misri kusoma tijara, elimu ya biashara. Tijara ni kazi ya Mtume." Mjomba akafuta mikono, akasema, "Shemeji, tijara ndiyo iliyokufanya weye upime na siye tunaokuchumia karafuu tupimiwe. Mtoto aende bara akasome soko." Baba akashtuka kama aliyetukanwa. "Soko? Mwanangu mie akanadi samaki?" Pale macho yote yakaenda kwenye sinia, kwa sababu samaki tuliokuwa tumewala walikuwa wa mjomba, na kunadi samaki ndiko kulikomlea dada yake aliyeolewa katika nyumba ile. Marehemu akainuka. "Baba, mjomba, ni kitu kimoja! Tijara na soko ni elimu moja, vitabu ndivyo vile vile!" Hakuna aliyemtazama. Mjomba alitafuta viatu vyake akasema, "Kumbe miaka yote hii nnakuleteeni aibu mkiilia wali. Nlikuwa sijui." Akatoka, na hakuingia tena nyumba ile mpaka anafukiwa mwenyewe.

Siku ya pili mama wa marehemu alimwita mwanawe jikoni, akamwambia maneno ambayo yeye mwenyewe alikuja kunieleza huku analia waziwazi, kijana mzima. "Mwanangu, ukenda Misri kaka zangu hawatanizika. Ukenda bara, baba yako ataniandikia talaka. Mie sikwambii uende wala usiende." Wala hakuwa akizidisha. Talaka za vyama tuliziona kwa macho yetu, wanawake wenye wajukuu wakirudishwa kwao na sanduku kichwani. Nilimwambia, "Yakhe, chagua moja uende, mshika mbili moja humponyoka." Akasema, "Mie sikushika hata moja." Akazikataa nafasi zote mbili. Alidhani akikaa, nyumba itatulia. Wakaenda vijana wengine, mmoja huku na mmoja kule, na nyumba haikutulia.

Akafungua duka dogo Wete. Na mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojua kwamba yule mtu alizaliwa na hiyo elimu. Alizunguka kwanza akauliza watu wanakosa nini. Akaweka nyuzi za nyavu kwa wavuvi na vifurushi vidogo vya sukari kwa wasioweza kununua ratili nzima, akawaonjesha watu halua kabla hawajatia mkono mfukoni. Lakini watu wa chama hiki walisema, "Huyu kaikataa Misri yetu," na watu wa chama kile wakasema, "Huyu kaikataa bara yetu." Wote wakamsusa. Wenye maduka ya vyama walikuwa na nusu ya mji kila mmoja, na yeye asiye na chama hakuwa na mtu. Nilimkuta siku moja amekaa nyuma ya meza, rafu zimejaa, nje watu wanapita wamegeuza nyuso. Akaniambia, "Yakhe, nimelisoma soko bila ya chuo. Somo la kwanza, mteja ni mfalme. Somo la pili, mfalme kasusa." Nikacheka, yeye hakucheka. Hazikupita siku nyingi akalifunga. Baadaye alipata kazi katika kituo cha kununulia karafuu, akaishia kukaa kwenye mizani akiwatajia wenzake bei aliyotajiwa, nao wakisema haya. Akazeekea hapo.

Wapo watakaosema alikuwa mwoga. Nimelifikiria sana neno hilo na sikubaliani nalo. Angekwenda Misri mama yake angewapoteza kaka zake, angekwenda bara mama angepewa talaka. Hakwenda popote, akakipoteza chuo, na mama yake akafa hasemi na kaka zake vilevile. Nionesheni nyinyi mlango alioukosea. Mie nimeutafuta miaka yote hii sijauona. Tumezoea kuwaambia vijana kwamba mwenye bidii hakosi, lakini mwenzangu alikuwa na bidii, akili na nafasi mbili mkononi, na alikosa.

Mwaka jana nilimtembelea Wete. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini ulimi ulikuwa bado mzima. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: lau baba na mjomba wangemwacha, angechagua chuo kipi? Akasema, "Unajua, watu waliniambia sana maana ya Misri na maana ya bara, hata mwenyewe nikasahau nlikuwa nnataka kipi. Nimejaribu kukumbuka. Sikumbuki." Akanikaribisha chai.

Basi, kwa atakayetaka funzo, ni hili. Kijana akija nyumbani na majina ya vyuo, muulize anataka kujifunza nini, halafu nyamaza usikie. Usimwambie chuo kile ni cha watu gani na kozi ile ina heshima gani mbele ya mashemeji. Nimeliandika kwa sababu safu lazima imalizwe na neno la kufaa, lakini sijidanganyi. Katika matanga yake, anavyonieleza mpwa wangu, mjukuu wa marehemu alitaja kwamba mwakani anataka kwenda kusomea masoko, na kabla hajamaliza kulitaja jina la chuo, wazee watatu walikuwa wameshaanza kubishana, naye kijana kalimeza jina lile, kaenda kukusanya vikombe.