Ugali Wangu wa Wales

Sikusoma, lakini kwa kufagia viwanda vya Toronto niliwapeleka mke wangu na binti yetu Neema likizo Wales, kwenye nyumba ya kifahari ya kujipikia, katika mji wa kale kando ya bahari. Neema akataka kunisomea maelekezo.

"Acha! Naijua kwa picha. Ile ya pinki!"

Mlango ulikuwa wazi, tukaingia.

"Baba Neema, una hakika?" mke wangu akauliza.

"Nimelipa mimi, mama!"

Nikakaanga samaki niliowakuta kwenye friji, nikasonga ugali kwa unga wetu. Mara akaingia bibi wa Kizungu, akaduwaa. Kwangu mgeni hafukuzwi wakati wa kula, nikamvutia kiti.

Akala, akafuta vidole, akamwambia Neema, "Baba yako anajua kupika. Lakini nyumba yenu ni hiyo ya jirani, nayo ni ya pinki. Hii ni yangu, na samaki ni wangu."