Siku Niliyopima Watoto Msibani

Hii sijawahi kuisimulia kazini, na hata nyumbani huwa naruka ile sehemu ya mbuzi, lakini leo nitaisema yote, maana aibu ukiibeba peke yako inazidi uzito.

Mimi ni mtu wa Garissa mjini, wa kando ya mto, si Msomali, na Kisomali changu ni cha kununulia maziwa tu. Nilikuwa kwenye utafiti wa lishe ya watoto, na zamu hiyo tulikuwa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Habaswein. Mwenyeji wetu alikuwa Halima, mhudumu wa afya wa hapo hapo, ambaye alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaeleza akina mama kazi yetu mpaka wakatukubali. Asubuhi akanipigia simu.

“Abaayo, dada yangu Hawa, mzee wetu amefariki, anazikwa leo. Njoo ukae na sisi tu. Kazi iache mpaka kesho.”

Nikampa pole kwa simu nikaona inatosha. Halima atakuwa ndani na wafiwa, nikajiambia, nitapima watoto wachache kimyakimya, nani atajua? (Naam, hapo ndipo nilipojichimbia shimo.)

Tulipofika, dereva wetu Bashir, mwenye akili kuliko mimi, akaenda moja kwa moja kwa wanaume kutoa pole. Mimi nikashusha ubao wa kupimia urefu, ule ambao mtoto analazwa chali, kichwa huku, miguu kule, na kwa ajili ya usafi nikautandika shuka jeupe. Shuka jeupe, jamani, siku ya mazishi!

Wa kwanza alikuwa Yusuf, mtoto wa Sahra. Utepe wa kupimia unene wa mkono ulionyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na alipaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo, lakini kabla ya kumweleza mama yake nikaona nimalize vipimo kwanza, nikamlaza ubaoni na kumnyoosha miguu. Ndipo bibi yake alipotoka nyumbani, akaona mjukuu kalazwa juu ya shuka jeupe, akapiga ukelele ambao bado nausikia.

“Weye nabima mtoto ya kaburi?”

Nikataka kumtuliza kwa lugha yake. Neno lao la kipimo ni “cabbir,” ambalo herufi yake ya kwanza hutokea kooni, na la kaburi ni “qabri,” na ulimi wangu wa sokoni hauyatenganishi. Kwa hiyo nilipodhani nasema “ni kipimo tu, bibi, kipimo tu,” nilikuwa nikipaza sauti mara tatu, nikitabasamu: kaburi, kaburi, kaburi!

Akina mama wakanyakua watoto wao. Wanaume wakaja mbio kutoka mazikoni, mikono ingali na udongo. Upepo ukabeba fomu zangu, mbuzi mmoja akaanza kutafuna karatasi yenye majina, nami nikamkimbilia nikiivuta ile karatasi mdomoni mwake mbele ya kijiji kizima chenye msiba, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Bashir akaja akawaeleza kwa upole, kisha akanigeukia: “Dada, ingia gari. Usiseme neno tena.”

Nikageuka kumtafuta Sahra, lakini alikuwa ameshaondoka na Yusuf.

Kesho yake walikuwa wamekwisha kwenda kwa ndugu zao upande wa Hadado. Halima aliwafuata, na kila alikopita aliulizwa kama ni yeye aliyemleta mpima makaburi. Ilimchukua siku tisa kumshawishi Sahra ampeleke mtoto hospitali. Yusuf alipona, alhamdulillahi, lakini siku tisa kwa mtoto wa hali ile ni mchezo na mauti, na mchezo ule niliuanzisha mimi.

Nilirudi kumwomba Halima msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nimekusamehe,” akasema. “Lakini sasa watu wananifungia mlango, Hawa. Hiyo siwezi kukusamehe kwa niaba yao.”

Tulianza upya, tukikaa, tukinywa chai, tukiulizana hali bila fomu yoyote mkononi. Wengi walilegea. Sahra hunijibu salamu, basi, na mtoto wake hajaniachia nimshike hata mara moja, wala simlaumu.

Nami nimeapa: popote nisipojua nani kafiwa na nani kajifungua, sina ruhusa ya kumpima mtu chochote.