Mbuzi ya Dada na Moduli ya Risiti

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba programu ikifanya kazi kwenye laptop yangu, basi imekamilika. Na mimi ndiye yule anayetoka nyumbani, kisha anarudi kuhakikisha kama mlango kaufunga.

JavaScript nilijifunza peke yangu hapa Wete, kwa video za simu. Programu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya duka. Niliigawa moduli ndogo ndogo, kila moja na folda yake: ya bidhaa, ya wateja, ya risiti. Mchumba wa dada yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mtambile, akaomba ile ya risiti tu. Hakuna mtu aliyewahi kuomba kazi yangu! Nikaipiga msasa kila mstari, nikainakili folda kwenye flashi, nikaenda.

Pale dukani, mbele ya wateja, ikagoma. Maandishi mekundu yakasema kifurushi cha tarehe, ile programu ndogo ya wengine niliyoitumia kuandika tarehe, hakipatikani.

"Shemeji," akanitania, "risiti itatoka kabla ya harusi au baada?"

"Kabla, inshallah," nikajibu, masikio yananiwaka. Harusi ilikuwa wiki ile ile.

Nyumbani nikaiwasha tena. Inafanya kazi bila tatizo! Nusura nilie. Chumba cha pili mama alikuwa akimfungia dada vyombo vya kwenda navyo kwa mumewe.

"Mama, mbuzi ya kukunia nazi iache," dada akasema. "Nazi nitakunia ya mama mkwe."

"Ukaazime siku ya kwanza? Watasema kwetu hata nazi hatuijui! Hapa ulikuwa ukichukua yangu, we. Kule mimi sipo."

Niliruka kutoka kitandani nilipokuwa nimeketi. Moduli yangu nayo ilikuwa ikikunia mbuzi ya mama! Programu inayoendesha JavaScript ikikosa kifurushi ndani ya folda, hupanda folda za juu kukitafuta, na kwenye folda kuu ya mradi nilikuwa nimekisakinisha zamani. Kwenye kompyuta ya Mtambile folda kuu haikuwapo. Nikafungua package.json ya risiti, faili ambalo moduli hutaja humo vifurushi inavyohitaji. Tupu! Nikaandika jina la kifurushi na toleo lake, nikaihamisha moduli mahali pa peke yake, nikasakinisha, nikaiwasha.

"Imetoka!" nikapiga kelele.

"Nini?" mama akashtuka.

"Risiti!"

"Alhamdulillahi. Basi njoo ukalie hili sanduku, halifungi."

Kesho yake nilikuwa Mtambile asubuhi mapema. Fundi mmoja alinunua misumari, shemeji akabonyeza, risiti ikatoka na tarehe yake. Shemeji akaisoma yote kwa sauti kabla ya kumpa mwenyewe.

Siku hizi kila moduli ninayoandika inataja mahitaji yake yenyewe, na siitoi mpaka nimeijaribu kwenye folda tupu.